Uzoefu wangu: SBAR kwenye simu za usiku leba

Mimi ni muuguzi mkunga katika hospitali ya wilaya, Tanzania. SBAR ni utaratibu wa kumweleza daktari habari za mgonjwa kwa hatua nne: hali ilivyo sasa, historia yake, tathmini yako, na unachoomba kifanyike. Ulianzia kwenye nyambizi za jeshi la majini la Marekani, kisha Kaiser Permanente ya Colorado, shirika la huduma za afya la hukohuko Marekani, ikauingiza hospitalini. Kwetu ni karatasi moja tu iliyobandikwa ukutani, juu ya meza ya wauguzi.

Usiku leba tunakuwa wachache, na daktari wa zamu mara nyingi yuko thieta au ameitwa wodi nyingine. Kila kitu kinategemea simu. Zamani tulikuwa tunasema: "Dokta, yule mama wa kitanda cha tatu presha imepanda." Naye anauliza, imepanda kiasi gani? Mimba ya ngapi? Mkojo umepimwa? Unaweka simu chini kutafuta faili, na ukirudi imeshakatika.

Sasa napiga nikiwa na faili mkononi. "Dokta, ni sista wa leba. Mama wa kitanda cha tatu ana presha 170 kwa 112, kichwa kinamuuma sana na anaona ukungu. Ni mimba ya kwanza, wiki 38, kliniki presha yake ilikuwa nzuri. Protini kwenye mkojo ni plasi tatu. Naona anaelekea kupata kifafa cha mimba. Naomba nianze magnesiamu, na uje umwone sasa hivi." Hayo yote hayafiki dakika moja.

Kwangu thamani yote iko kwenye hatua mbili za mwisho. Vipimo tulikuwa tunavitoa hata zamani. Kilichokuwa kigumu ni muuguzi, hasa kijana aliyetoka chuoni juzi, kumwambia daktari "mimi naona hivi, naomba hivi." Tumelelewa kungoja kuulizwa. Karatasi ile inamdai muuguzi aseme, kwa hiyo hakuna anayemwona amevuka mipaka. Hilo limenigusa kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu mkunga ndiye anayekaa na mama usiku kucha na ndiye anayeona mabadiliko kwanza.

Tumeongeza jambo moja, nami silikubali lirukwe: agizo la dawa kwa simu linarudiwa kwa sauti. Daktari akisema magnesiamu gramu 4 kwenye mshipa na gramu 5 kila tako, narudia vilevile, naye anaitika ndiyo kabla sijavuta dawa. Kisha naandika na saa.

Utaratibu wa SBAR unaendana vizuri na chati ya kufuatilia uchungu ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020, ambayo nayo mwishoni ina sehemu za tathmini na mpango. Mapigo ya moyo ya mtoto yakishuka chini ya 110, chati inataka uyazungushie duara, na hapo sentensi ya kwanza ya simu yako imeshapatikana.

Udhaifu upo. Damu ikimtoka mama kwa kasi baada ya kujifungua, hakuna muda wa hatua nne. Unaita msaada kwa sauti huku unakanda mfuko wa uzazi, na mwenzako ndiye anayepiga simu. Pia kutuma SBAR kwa WhatsApp sikupendi hata kidogo. Alama mbili za bluu hazikuambii kama daktari anakuja.

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba mara nyingi wanafundishwa wauguzi peke yao. Daktari asiyeujua utaratibu anakukatiza kwenye historia, na ombi halifiki. Kwa wodi zinazotaka kuanza, ningeshauri madaktari wa intern wafundishwe pamoja na wakunga siku wanaporipoti, kabla hawajapangiwa zamu ya kwanza ya usiku.