Kivuli Nililipia, Gari Nikalikuta Juani

Huduma hii ya maegesho ya muda mrefu, jirani na uwanja wa ndege, inawauzia vitu viwili watu wanaokwenda kusalimia ndugu ng'ambo: kivuli, na kile wanachokiita matunzo ya betri. Vyote viwili nilivilipia. Wiki kadhaa baadaye nimerudi, mizigo iko kwenye toroli, joto la mchana limeshapita nyuzi 45, na gari limetolewa kwenye banda likawekwa uwanja wa wazi, boneti imeelekezwa magharibi ili jua la alasiri lisiipite hata kidogo. Betri imekufa fofofo. Rimoti haifungui mlango, taa haziwaki, honi kimya. Ikabidi kuchomoa ule ufunguo wa chuma unaofichwa ndani ya rimoti (upo karibu kwenye kila rimoti, tafuta kitufe kidogo pembeni) ndipo mlango ukafunguka.

Karani wa dirishani hakuinua macho kwenye simu yake. "Kaka, joto hatukulileta sisi." Nikamjibu: joto hamkulileta, ndugu yangu, lakini kivuli mliniuzia. Akasema kivuli "kinategemea nafasi". Maneno hayo hayamo kwenye risiti, nimeisoma mbele na nyuma. Wanasema biashara haigombi. Huyu hata kugombana hakutaka, alitaka niondoke tu dirishani pake, ambako kiyoyozi kilikuwa kinampulizia yeye peke yake.

Nyota moja, basi. Na nieleze kwa nini, maana kuna wateja wanaowatetea kwamba betri kufa ukiwa safarini ni jambo la kawaida. Si la kawaida kwa mtu aliyelipia isife.

Betri ya kawaida ya gari, ile ya risasi na asidi, inaogopa joto kuliko baridi. Baridi huilegeza kwa asubuhi ile tu. Joto huila kidogo kidogo, na kilicholiwa hakirudi. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila joto likipanda kwa nyuzi 10, mwendo wa kemia ndani ya betri hukaribia kuwa mara mbili: chaji inajipotea yenyewe upesi zaidi, vibao vya risasi vinaoza upesi zaidi, na kwa betri zenye vifuniko vya kutilia maji, maji hayo yanakauka mpaka vibao vinabaki wazi. Ndiyo maana jangwani betri kuishi miaka miwili hadi mitatu si jambo la kushangaza. Kivuli hakipoozi hewa, nakubali. Kazi yake ni kuzuia jua lisipige bati. Gari lililoachwa juani, joto la ndani hupanda nyuzi 20 na zaidi juu ya lile la nje katika muda wa saa moja, na dashibodi hufika mahali ambapo huwezi kuweka kiganja. Chini ya boneti nako hakuna nafuu.

Halafu kuna hesabu ambayo wasafiri wengi hawaifanyi. Gari lililozimwa halijalala. Alamu, kipokezi cha rimoti, saa na kompyuta zake vinaendelea kunyonya umeme, na kwa magari ya siku hizi ni kama miliampea 20 hadi 50 muda wote. Shika 40. Kwa saa 24 unapata karibu ampea-saa moja, kipimo cha umeme uliomo kwenye betri. Betri ya ampea-saa 60 ukiiacha mwezi mzima, nusu yake imekwisha kabla joto halijachukua fungu lake. Na betri iliyoshuka chaji haikai ikisubiri mwenye mali: salfeti inaganda kwenye vibao, na kadiri siku zinavyopita inazidi kuwa ngumu, hata ukija na chaja sehemu ya nguvu imeshakwenda.

Hapo ndipo matunzo ya betri yalipotakiwa kuonekana. Kwenye dashibodi waliacha karatasi. Safu moja imeandikwa "limewashwa, dakika 10", na chini yake alama ya vema kwa kila wiki, zote kwa wino mmoja, mkono mmoja, mlalo mmoja, kana kwamba zilitiwa kwa pumzi moja. Kwenye kitasa cha mlango wa dereva vumbi lilikuwa limetulia bila alama ya kidole. Haya, kwa haki niseme, upepo wa vumbi unaweza kuwa ulipita baada ya wiki ya mwisho, na kalamu inaweza kuwa ni moja ofisi nzima. Sina ushahidi kwamba hawakuliwasha.

Lakini tuseme waliliwasha kweli. Basi huduma yenyewe ndiyo mbovu, na hilo ni baya kuliko uvivu. Wiki nzima gari limekula ampea-saa 6 au 7, ukiacha lile linalopotea kwa joto. Dakika 10 za kuunguruma limesimama, altaneta (kifaa kinachozalisha umeme injini ikizunguka) ikizunguka polepole, feni ya rejeta ikifanya kazi kwa sababu ya joto na kijana anayeliwasha akiwa amefungua kiyoyozi (nani atakaa humo bila kiyoyozi?), hazirudishi hata nusu ya deni hilo. Kila wiki betri inashuka ngazi moja, na kila wiki karatasi inatiwa vema. Juu ya hayo injini haipati moto wa kutosha kukausha mvuke kwenye oili na ekzosi. Ni matunzo ya kuua.

Matunzo ya kweli ni moja kati ya mawili. La kwanza ni chaja ndogo ya kutunzia, ile inayopima volti yenyewe na kuachia umeme kidogo inapohitajika, ichomekwe kwenye soketi hapo hapo bandani. La pili halihitaji hata umeme: spana namba 10, legeza terminali ya hasi, itoe, ifunge kitambaa isirudi kugusa, basi. Hasi hutoka kwanza na hurudi mwisho, kwa sababu spana ikiwa kwenye chanya huku hasi bado imefungwa, ukigusa bodi tu cheche zinaruka. Ukitenga betri utapoteza saa na stesheni za redio, alamu haitalia, na kwenye baadhi ya magari vioo vya umeme vitataka kufundishwa upya kupanda hadi juu. Kama betri imo ndani ya buti na kufuli la buti hilo ni la umeme tu, usilifunge buti ukishaitenga betri. Wapo waliofanya hivyo. Hii ni kazi ya dakika tano kwa gari moja. Huduma inayojiita ya betri imeshindwa.

Sasa niwapunguzie ukali kidogo, kwa sababu kijana waliyemtuma kuamsha gari anaijua kazi yake. Alipima kwanza: volti zilikuwa chini sana. Betri iliyojaa, ikiwa imetulia, husoma 12.6, ikisoma 12.2 imebaki nusu. Chini ya 11.9 ihesabu tupu. Alikuja na busta ya mkononi, ya lithiamu, ikakataa. Wengi hawajui hili: busta nyingi za aina hiyo hupima betri kabla ya kutoa umeme, na zikikuta volti ziko chini mno hudhani hakuna betri, au waya zimepishana, zinajifunga. Nyingine zina kitufe cha kulazimisha, ila ukikibonyeza kinga yote imeondoka, waya zikipishana umeunguza vitu. Yeye hakulazimisha. Akaleta gari jingine na waya nene, akazima magari yote mawili. Nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, ncha ya pili kwenye chanya ya betri nzima. Nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho hakuiweka kwenye betri yangu bali kwenye chuma kitupu cha injini, mbali kidogo, kwa sababu betri hutoa gesi ya haidrojeni na cheche ya mwisho ndiyo yenye hatari. Akaliwasha gari la msaada, akaliacha dakika kama tano likiisukumia betri chaji, ndipo akaniambia nipige stata. Ikashika. Waya zikatoka kwa mpangilio wa kurudi nyuma. Akaniambia, "Mzee, usizime mpaka ufike, na kiyoyozi kiache kidogo kwanza." Adabu, ufundi, na hakuomba chai.

Kwa ajili yake napandisha: nyota tatu. Alistahili tano, ila hamiliki kampuni.

Nilikuwa nimeshaandika hizo tatu kichwani nilipomsikia karani akimwambia mama mmoja mwenye watoto, naye gari lake limegoma, kwamba chumba cha kusubiri ni cha wanaoondoka. Wanaorudi wasubiri "kwenye magari yao". Kwenye magari yao! Magari ambayo ndani yake yana joto la tanuri, na betri haina nguvu hata ya kushusha kioo! Watu hawa wametoka kwenye nchi za baridi, wamekaa huko wiki kadhaa, mwili umeshapoteza mazoea ya joto. Kuyarudisha huchukua wiki moja hadi mbili. Mtu wa namna hiyo, mchovu wa ndege, hajanywa maji ya kutosha, kumsimamisha kwenye lami saa nane mchana si suala la starehe. Ni hivyo watu wanavyoanguka. Mtoto mdogo ndani ya gari lililofungwa sitaki hata kuandika. Chumba kilikuwa na viti vitupu, nimevihesabu kwa macho kupitia kioo.

Nyota moja. Nimerudi pale pale.

Na tairi nazo sijazisema. Walidai wamezikagua. Tairi hupoteza upepo wenyewe, kama psi 1 kwa mwezi hata bila msumari, na upepo hupimwa tairi likiwa limepoa. Wao walipima gari likiwa juani, kwa hiyo tairi za upande uliopigwa na jua zilisoma juu kuliko za upande mwingine, na bwana aliyekuwa akizipima akataka kuzipunguza! Usikubali kamwe. Upepo uliopanda kwa joto utashuka wenyewe usiku. Ukiupunguza mchana, kesho asubuhi unaendesha tairi legevu. Tairi legevu kwa mwendo kasi juu ya lami ya moto linakunjika ubavuni kila linapozunguka, linajipasha moto zaidi, na mwisho wake linapasuka. Tazama pia zile tarakimu nne za mwisho ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kwenye jua la jangwa, ubavu ukishaanza kuonyesha nyufa, kina cha kashata, ile michoro ya tairi inayogusa barabara, hakikusaidii kitu. Waipa zilikuwa zimeganda kwenye kioo, mpira umebaki nusu. Zilitakiwa kuinuliwa tangu siku ya kwanza, na usiwashe waipa juu ya vumbi kavu, utachora kioo.

Kwa anayelazimika kuwatumia, kwa sababu kweli hakuna wengine karibu na uwanja: siku ya kuacha gari, toa mwenyewe terminali ya hasi mbele yao na waandike kwenye risiti kwamba wasiiguse. Piga picha ya banda na namba ya nafasi, gari likiwa chini yake. Usiache humo pawabanki, kiberiti cha gesi, kopo la dawa ya kupuliza, wala busta ya lithiamu uliyonunua kwa ajili ya siku ya kurudi, maana joto la ndani ya gari litaiharibu kabla hujaihitaji. Ukirudi na gari likawaka, fungua milango ile hewa ya moto itoke kwanza, kisha kiyoyozi. Na usijidanganye kwamba safari ya kufika nyumbani imeijaza betri. Altaneta imetengenezwa kuitunza betri, si kuifufua. Ukiipa betri tupu na kiyoyozi kikali kwa pamoja, unaichosha yenyewe. Ipeleke gereji ikalale kwenye chaja ya polepole, halafu ipimwe kwa mzigo, yaani ikiwa inatoa umeme mwingi. Betri yangu, baada ya kujazwa, ilipopewa mzigo ilianguka hapo hapo. Imenunuliwa mpya, kwa fedha yangu.

Malalamiko niliyapeleka kwa maandishi, nikiambatisha picha ya gari uwanjani, risiti ya kivuli na ile karatasi ya vema. Nikaomba kitu kimoja tu: vipimo vya volti vya kila wiki, kama vipo. Jibu lilikuja upesi, hilo niwasifu. Hawakugusa suala la volti. Wamenitumia kuponi ya kuosha gari bure, itumike safari ijayo, "kulingana na nafasi".