Miezi saba na nepi za kufua: uzoefu wangu

Mwanangu alipofikisha wiki sita, mfuko wetu wa taka ulikuwa pampasi tupu, mzito kama umejaa mawe. Kwa udadisi nikachana moja iliyotumika. Ndani mlikuwa na nyuzi za miti zilizolowa, jamaa wa tishu tu. Katikati yake chembechembe zimevimba zikawa jeli inayoteleza vidoleni, na nje plastiki. Jeli hiyo ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya mkojo, na nayo hutokana na mafuta ya petroli. Nyuzi za miti zitaoza polepole. Hayo mengine yatabaki.

Nikachukua nepi ishirini za kufua: ganda lisilopitisha maji, vifungo vya kubonyeza vya kuipanua mtoto anavyokua, na vitambaa vya kufyonza vya kuchomeka ndani. Ni nene, suruali za mtoto zikagoma kupanda.

Wiki ya tatu zikaanza kuvuja. Nilizilaani kweli, kumbe mkosaji ni mimi: nilikuwa natia kilainisha nguo. Kile huacha utando kwenye nyuzi, mkojo unateleza juu badala ya kuingia. Nilizifua mara mbili kwa maji ya moto bila kutia chochote, zikarudi kazini. Ndoo ya nepi chafu nayo usiiache zaidi ya siku mbili, ukifunua mfuniko utatokwa machozi.

Kuhusu mazingira, nilidhani kitambaa kinashinda bila mjadala. Sivyo. Uchunguzi wa serikali ya Uingereza wa 2008 ulikadiria kwamba mtoto wa pampasi, kwa miaka miwili na nusu, anasababisha gesijoto (gesi zinazoongeza joto duniani) sawa na kilo 550 hivi za kaboni dioksaidi; wa nepi za kufua, kilo 570! Kinachokula umeme ni kuchemsha maji na mashine ya kukaushia. Ukifua mzigo uliojaa, ukaanika kwenye kamba, na nepi zikavaliwa na mtoto wa pili, hiyo 570 inashuka kwa takriban asilimia 40. Basi mashine ya kukaushia nimeiacha, naanika hata siku za mawingu.

Usiku bado namvisha pampasi moja, sitaki kudanganya. Usingizi nao nauhitaji. Kinachonisumbua sasa ni lastiki za mapajani, nepi tatu zimeshalegea. Nimefumua mshono nikatia mpya kwa mkono, maana mdogo wake asipozikuta hesabu yangu inaharibika.