Golden Hour ya Kacey Musgraves: nilianza kwa kununa

Mimi muziki wa country nimeunyonya. Kwetu Njoro, Jumapili haikuwa Jumapili mpaka mzee aweke kaseti ya Don Williams au Jim Reeves, nasi watoto tunyamaze. Kwa hivyo binamu yangu aliponisisitizia nisikilize Golden Hour, albamu ya mwimbaji Kacey Musgraves, nilimuuliza kama hiyo ni country au ni pop iliyoazima kofia.

Wiki tatu baadaye nakiri ni vyote viwili, na bando nililochoma silijutii.

Ilitoka Machi 2018, nyimbo 13, dakika kama 45 hivi. Mwaka uliofuata ikanyakua tuzo ya muziki ya Grammy ya albamu bora ya mwaka, ile kubwa inayogombewa na muziki wa kila aina, juu ya ile ya country. Kacey ni mtoto wa Texas na anajiandikia nyimbo. Hapa amefanya kazi na Daniel Tashian na Ian Fitchuk, na watatu hao ndio waliotayarisha muziki wote.

Iliyoniangusha ni Space Cowboy. Kwa jina lake nilitarajia upuuzi wa mchunga ng'ombe aliyepotelea angani. Kumbe neno hilo "space" lina maana mbili: anga, na pia ile nafasi anayoiomba mpenzi ambaye roho yake imeshaondoka. Mwanamke anamwambia, nafasi unayoitaka, chukua. Hamtukani wala hamng'ang'anii, na sauti haipandi hata pale ambapo mwimbaji mwingine angepiga kelele. Mara ya kwanza niliisikia ndani ya matatu, jioni, tukipanda kutoka Naivasha, na nilishukuru kwamba jirani yangu alikuwa amelala.

Oh, What a World nayo inaanza na sauti ya roboti. Nilitaka kuiruka. Kisha banjo ikaingia taratibu chini ya ile roboti, vikakaa pamoja kama watu wa nyumba moja! Mother haifiki hata dakika moja na nusu. Inakatika kabla hujajua unalia kwa nini, na mara zote narudisha nyuma.

Si kila kitu ni asali. Velvet Elvis ina sukari ya kuumiza meno, na Wonder Woman hupita bila kuniachia kitu. Anayetafuta visa virefu vya kamari na treni kama vya Kenny Rogers asije huku. Nyingi ni nyimbo za mtu aliyependa akatulia, na katikati utulivu huo unazidi kidogo. Kwa spika ndogo ya simu utapoteza nusu ya raha; tafuta earphone nzuri.

Nilipoenda nyumbani nikamwekea mzee jikoni. Slow Burn akaivumilia. High Horse ilipoanza kudunda akasema, "Hii ni disko," akatoka kwenda kuangalia ng'ombe. Sikumfuata, nikaacha iendelee. Rainbow ndiyo ya mwisho, piano na sauti tu, na ilipofika katikati nikamwona amesimama mlangoni, ndoo mkononi.

"Huyu msichana anaitwa nani?"

Nikamwandikia jina kwenye kipande cha karatasi. Amekiweka ndani ya kasha la Jim Reeves.