TAHADHARI: Kishoka (wakala tapeli) wa fomu za SSI anayewazungukia wagonjwa wa akili hapa Kentucky

Ndugu zangu wa Louisville, Lexington na kwingineko, kama nyumbani kwenu kuna mtu anayeumwa akili na mnataka kumwombea SSI, yaani pesa za kila mwezi ambazo serikali ya Marekani huwapa wenye ulemavu wasio na kipato cha kutosha, someni haya kabla hamjampa mtu pesa wala karatasi. Mama mdogo ameniruhusu kuandika, mradi nisimtaje jina.

Yeye alitoka Fizi, Kongo, akakaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka mingi, ndipo tukaletwa huku. Usiku halali. Kila jioni anaegemeza kiti mlangoni na kuweka sufuria juu yake, mtu akisukuma mlango alisikie likianguka. Alijaribu kazi ya kufunga maboksi ghalani. Siku king'ora cha moto kilipolia alijifungia chooni mpaka zamu ikaisha. Daktari wa kliniki akaandika kwamba ana PTSD, yaani ugonjwa wa akili unaotokana na kiwewe, na sonona.

Basi akatokea mtu, mwenzetu kabisa, Kiswahili chake kitamu, anawasubiri watu nje baada ya ibada. Alisema anawajua wakubwa wa ofisini na fomu zake hazikataliwi. Alichukua dola 600 taslimu, na akataka nusu ya malimbikizo, yaani malipo ya miezi ya nyuma, pesa zikitoka. Risiti aliyotoa ni kipande cha karatasi ya daftari, hakina jina, kina sahihi tu.

Pesa zingeniuma kidogo tu. Kilichoniuma ni dawa. Alimwambia aziache wiki mbili kabla ya kwenda kupimwa na daktari wa serikali, "ili uonekane mgonjwa kweli". Akamfundisha asiitikie salamu, atazame chini, akiulizwa majina ya wanawe aseme hakumbuki. Siku ya nane mama mdogo alikuwa anaongea na watu waliokwisha kufa, tukampeleka hospitali usiku. Kichupa cha dawa nilikikuta kabatini kimejaa. Ndugu zangu, huyu mama ni mgonjwa kweli. Ugonjwa wake haukuhitaji kuigizwa na mtu yeyote! Tena kuacha matibabu uliyoandikiwa, bila sababu nzuri, kunaweza kutumiwa kukunyima haki yako.

Baadaye nikajifunza wanavyoamua watu wa SSA, ofisi ya serikali inayotoa SSI. Hawaangalii nani analia zaidi. Ugonjwa uwe umemzuia mtu kufanya kazi, au utarajiwe kumzuia, kwa miezi 12 au zaidi. Kisha wanapima mambo manne: kuelewa na kukumbuka, kukaa vizuri na watu, kutulia kwenye kazi mpaka iishe, na kujimudu mambo yanapobadilika. Magonjwa yanayotokana na kiwewe, kama PTSD, yana sehemu yake kwenye orodha yao tangu 2017, kwa hiyo si kitu kigeni kwao. Kinachobeba uzito ni faili la kliniki: tarehe, dawa, na alichokiona daktari mwezi hadi mwezi. Kile kiti cha mlangoni na ile siku ya king'ora ndivyo vilivyopaswa kuandikwa kwenye fomu. Kishoka aliandika kwamba mama mdogo hawezi kutembea, wakati faili la kliniki linasema anakuja kwa miguu. Wakakataa.

Nasi hatukujua kwamba wamekataa, maana kwenye fomu aliweka anwani yake mwenyewe. Barua zote zilikwenda kwake. Una siku 60 za kukata rufaa tangu upate barua, na wao huhesabu kwamba imekufikia baada ya siku 5. Nilipopiga simu SSA, mama mdogo akiwa pembeni yangu na mkalimani kwenye laini, tukaambiwa barua ilitumwa miezi minne iliyopita. Na sisi wakimbizi, bila uraia, SSI tunayo kwa miaka 7 tu. Kila mwezi uliopotea umepotea. Mwaka 2025 ilikuwa hadi dola 967 kwa mwezi kwa mtu mmoja.

Mwakilishi wa kweli hujulikana. Anajiandikisha SSA kwa fomu SSA-1696, na hawezi kuchukua malipo yake kabla SSA haijayaidhinisha. Kwa mkataba wa kawaida ni robo ya malimbikizo, isizidi kiwango walichoweka; mwaka 2025 kilikuwa dola 9,200. Hiyo nusu ya kishoka haimo kabisa. Alikuwa pia ameandaa karatasi ili awe ndiye anayempokelea mama mdogo pesa kila mwezi. Mtu binafsi anayempokelea mgonjwa haruhusiwi kutoza hata senti kwa kazi hiyo.

Msiseme atakayeumia ni kishoka peke yake. Hapa hapa Kentucky, mwanasheria wa kesi za ulemavu Eric Conn alimhonga jaji wa SSA David Daugherty na kutumia karatasi za bandia za madaktari. Alikiri mwaka 2017, akatoroka, akakamatwa Honduras, akafungwa. Lakini mamia ya wateja wake walikuwa wameshasimamishiwa malipo mwaka 2015, wakatakiwa kuthibitisha upya ulemavu wao, wakiwemo watu walioumwa kweli.

Sisi tumeomba rufaa ipokelewe hata kama imechelewa. Kanuni yao SSR 91-5p inakubali sababu ya ugonjwa wa akili uliomfanya mtu asielewe taratibu na asiwe na mtu anayewajibika kisheria kumshughulikia. Daktari wa kliniki ametuandikia barua, nayo risiti ya daftari tumeiambatanisha. Mama mdogo amerudia dawa.

Mkalimani wa SSA ni bure: 1-800-772-1213, taja Kiswahili, usikate simu. Kumripoti tapeli kwa mkaguzi wao ni 1-800-269-0271. Kama ulishampa huyu mtu karatasi zako, piga leo ile namba ya kwanza ukiwa na mgonjwa karibu. Uliza faili lina anwani gani, barua ya mwisho ilitumwa tarehe ngapi, na nani ameandikwa kuwa mwakilishi.