Soka ya vyuo vya NESCAC, Marekani: kocha hana hela, ana sauti

NESCAC ni ligi ya vyuo 11 vya kaskazini mashariki mwa Marekani, vikiwemo Amherst, Williams, Bowdoin na Middlebury. Vyote viko Divisheni ya Tatu ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, na huko ufadhili wa michezo ni marufuku. Anayetafuta kusomeshwa na mpira amegonga mlango usio wake. Kwa mwenye alama nzuri darasani, hata hivyo, tunaipa nyota nne kati ya tano.

Msaada wa karo hupimwa kwa uwezo wa familia, mara nyingi kupitia fomu ya mtandaoni ya mapato na mali iitwayo CSS Profile. Goti likipasuka mwaka wa pili, au ukichoka na mazoezi ukaacha timu, msaada haukatwi kwa sababu hiyo. Amherst na Bowdoin hazimnyimi nafasi mwombaji wa nje kwa kuwa hana hela. Kwingine kuomba msaada kunaweza kukupunguzia nafasi, kwa hiyo uliza chuo kimoja kimoja.

Kocha anachoweza kukupa ni sauti yake kwenye ofisi ya udahili. Kuanzia Julai, kabla ya mwaka wako wa mwisho wa sekondari, hupeleka huko matokeo yako na orodha ya masomo yapitiwe mapema. Wenyewe huita pre-read. Majibu yakiwa mazuri atakutaka uombe kwa Early Decision, mwezi Novemba. Hapo ndipo wengi hunaswa: ombi hilo linakufunga chuo kimoja, na waombaji wameshakubali kabla ya kuona hesabu ya karo. Dai makadirio ya msaada kwa maandishi kwanza. Mchezaji wa kutoka nje aanze mapema pia kushughulikia uthibitisho wa NCAA kwamba ni wa ridhaa, hasa kama klabu ya nyumbani iliwahi kumpa posho.

Video unayomtumia kocha, ikiwa ya dakika tisa yenye muziki, haitazamwi. Dakika tatu au nne zinatosha, matukio bora yakitangulia, na mshale ukuoneshe kabla mpira haujakufikia. Ambatanisha na mechi moja nzima, maana kocha anataka kuona unafanya nini mpira ukiwa mbali nawe.

Nyota iliyopungua ni ya ratiba. Maabara za sayansi huwa alasiri, na mechi ya katikati ya wiki huanza saa hizohizo. Chagua kundi la maabara lisilogongana na mechi siku ya kujisajili, si wiki ya mechi. Jezi na usafiri wa timu ni juu ya chuo. Viatu mara nyingi ni juu yako. Mwaka wa kwanza zoea benchi.

Muulize kocha swali moja: mwaka huu unawaunga mkono wachezaji wangapi wa namba yangu, na mimi ni wa ngapi? Akikutajia idadi, mnazungumza. Akikusifia kasi tu, endelea kuwaandikia makocha wengine.