Kompyuta ilikataa kuwaka nikaambiwa madabodi imekufa: uzoefu wangu na fundi wa Langoni

Nianze na hukumu manake najua wengi hamfiki chini. Huyu fundi wa kompyuta wa Langoni, hapa Lamu, nampa nne kwa tano, na hiyo moja niliyomnyima ana haki yake kunyimwa, nitaeleza.

Kompyuta yenyewe ni ile ya mnara, mtumba, tulinunua Mombasa ikaja na basi mpaka Mokowe halafu boti. Mke wangu anaweka humo oda zake za kofia na watoto wanafanyia homuweki. Usiku stima ikakatika, ikarudi, ikakatika tena vile inavyotuchezea, asubuhi nabonyeza swichi feni inazunguka kidogo tu inazima, nabonyeza tena vilevile, skrini nyeusi tii. Nikafanya yale ya kawaida, nikatoa printa, nikatoa flashi, nikajaribu soketi nyingine na kebo nyingine, nikachomoa kila kitu nikaishikilia ile batani ya kuwashia ili umeme uliobaki ndani uishe, wapi.

Duka la kwanza nililopeleka silitaji. Wakaingia nayo nyuma ya pazia, mimi kwenye benchi, baadaye anatoka kijana ananambia madabodi, ile bodi kubwa inayounganisha vyote ndani, imekufa, elfu kumi na mbili, na ungoje itoke Mombasa. Na ya kuangalia nikalipa juu yake. Namuuliza umepimaje, ati hizi zikifika umri huu ndo huwa hivi. Sasa hilo ni jibu la fundi au la mpiga ramli?

Basi mkokoteni tena mpaka Langoni (jirani alinishauri nimpakie punda, nikamwambia ahsante). Kibanda cha huyu mzee ni kidogo mpaka mteja unakaa nje barazani, kazi yote inafanyika mbele ya macho yako na hiyo ndo sababu kubwa ya mimi kuandika haya. Alipofungua ubavu wa kompyuta akanambia, "Tazama mwanangu, usiye ukasema RAM zako nimezila mimi." (RAM ni vile vijiti vya kumbukumbu vya kompyuta.)

Madabodi hata hakuigusa kwanza. Alichomoa kile kiplagi kikubwa cha pini 24 kinachotoka kwenye pawa saplai, kile kiboksi cha kugawa umeme ndani ya kompyuta, akachukua kipande cha waya akaunganisha tundu la waya wa kijani na la mmoja mweusi, hapo saplai inajua imeitwa kazini hata kama haijashikana na kompyuta. Akaichomekea hadi disiki (ile ya kuwekea mafaili) mbovu ya kwake iwe na mzigo wa kubeba, kisha mita kwenye waya wa njano. Pale panatakiwa volti 12, ikishuka chini ya 11.4 ishatoka kwenye kiwango, na yangu inasoma kumi na kitu tena inapanda inashuka haitulii. Akachomoa stima, akaiacha ikae, ndo akafungua kile kiboksi. Kapasita mbili, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, zimevimba vichwa, moja imetokwa na uchafu wa kahawia kama asali iliyoganda. Hapa naomba msijifanye mafundi nyumbani, hizo kapasita zinashika umeme hata kebo ikiwa nje ya ukuta, zinakurusha.

"Mashine haiyafa hii," akasema, na mimi pale nikakumbuka elfu zangu kumi na mbili zilivyoponea chupuchupu.

Akafunga saplai nyingine, feni zikazunguka vizuri bila kuzima lakini picha hakuna, sasa inalia pii, pii, pii. Nikasema tumerudi kulekule, kumbe yeye ndo amefurahi, ananambia ikilia ina nafuu kuliko ikinyamaza, manake madabodi iko hai na inalalamikia kitu, na mara nyingi ni RAM. Akazitoa. Yale meno ya dhahabu yameingia madoa ya kijani, nyumba yetu dirisha linatazama bahari na kusi ikivuma chumvi inaingia mpaka kabatini. Akazisugua na raba, hii ya kufutia penseli ya mtoto wa shule, taratibu, akapangusa na spiriti, akarudisha moja peke yake. Picha ikaja! Akazima, akaongeza ya pili, ikaja tena. Ikabaki saa na tarehe ziko miaka ya nyuma huko na kila ikiwaka inataka ubonyeze F1, hiyo ni ile betri ya duara CR2032 ya volti 3, akabadilisha pale pale. Mafaili ya kofia yote yapo, hadi disiki hakuigusa wala hakutaja habari ya kufomati, yaani kufuta kila kitu, mafundi wengine hilo ndo neno la kwanza mdomoni.

Yote pamoja na ufundi elfu mbili na mia tano.

Sasa ile nyota niliyomnyima. Saplai aliyoniwekea ni ya mtumba, alinambia wazi, lakini garantii yake ni ya mdomo na risiti hana, ukimwomba anacheka. Simu hashiki. Akikwambia njoo baada ya alasiri basi mpigie hesabu ya kesho yake. Na vumbi la kompyuta analipulizia nje usitani watu wakipita, mama mmoja alimsema mpaka nikaona haya mimi.

Aliniambia ninunue gadi, zile za friji zinazochelewesha stima kidogo ikirudi, nimenunua na mpaka sasa iko sawa. Mkienda nendeni asubuhi, baada ya adhuhuri hufungua akijisikia.