parseArgs ya Node: kwa skripti ndogo sioni tena sababu ya kuinstoo laibrari ya flagi

Kama unaandika zana ndogo za terminali kwa JavaScript na bado kila skripti unaianza kwa npm install ya kitu cha kusomea flagi (vile vichaguo vinavyoandikwa baada ya amri, kama `--kikomo 50`), hebu simama kidogo. Node yenyewe, ile programu inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari, inayo parseArgs ya kusomea flagi ndani ya node:util, iliingia kwenye toleo la 18.3 (waliokuwa bado kwenye 16 waliipata 16.17) na ikahesabiwa imara kuanzia 20, yaani ipo tayari hapo kwenye mashine yako, hakuna cha kudownload. Mi naitumia kwenye skripti ambazo wenzangu wa ofisini wasioandika kodi ndo wanaoziendesha, mojawapo inasoma CSV ya wanachama halafu inawatumia SMS, kwa hiyo flagi ikisomwa vibaya hapo ni watu halisi wanapokea meseji isiyowahusu na salio linakatwa.

Ukiangalia process.argv mbichi, yaani orodha ya maneno yaliyoandikwa kwenye amri, viwili vya kwanza ni njia ya node na njia ya skripti, ndo maana kila mtu anaandika slice(2), baada ya hapo ni if juu ya if. Kwa flagi moja sawa. Ila ukitaka `--kikomo 50`, `--kikomo=50` na `-k50` zote zieleweke vilevile, tayari umeshaanza kuandika laibrari yako mwenyewe na sidhani kama ndo kazi uliyotumwa.

Kilichonivutia zaidi kwenye parseArgs ni kwamba haibahatishi. Kwa kawaida iko kwenye hali ya strict (kali), flagi usiyoitangaza inakataliwa palepale na erori ya ERR_PARSE_ARGS_UNKNOWN_OPTION. Chukulia skripti yangu ina `--jaribio`, ambayo inaonyesha tu nani angetumiwa bila kutuma kweli, sasa mtu akaandika `--jaribo`. minimist (nayo ni laibrari ya kusoma flagi, kama yargs na commander) ikiachwa ilivyo inaipokea tu, inatengeneza kitu kinaitwa jaribo, kodi yako inaangalia jaribio haioni kitu, na SMS zinaondoka kweli kweli! yargs nayo hivyohivyo usipoiwekea .strict() mwenyewe. Commander inakataa, tena inakuonyesha jina linalofanana na ulichoandika, na hapo naipa heshima yake kabisa.

Halafu minimist ina hili la namba ambalo kwa huku kwetu ni zito. Chochote kinachofanana na namba inakigeuza namba, `--tawi 007` inarudi 7, na namba ya simu inayoanza na 07 inapoteza sifuri yake ya mbele usipoitangaza kuwa stringi. Yargs angalau inaacha zenye sifuri mbele. parseArgs haina aina ya namba kabisa, ni 'string' (maandishi) au 'boolean' (ndiyo au hapana) basi, wengi wanalalamika kuhusu hilo ila mi naona wamefanya vizuri, nipe nilichoandika kama kilivyo nitageuza mwenyewe pale ninapotaka. Ila ukigeuza ukague, maana Number('hamsini') ni NaN (yaani si namba), na kitanzi cha `i < NaN` hakizunguki hata mara moja, skripti inaisha bila erori na hakuna kilichofanyika. Weka Number.isInteger hapo.

(Na kama minimist imejificha kwenye package-lock yako (faili linaloorodhesha pakeji zote za mradi) kupitia pakeji nyingine, angalia iwe 1.2.6 au zaidi, kulikuwa na tundu la usalama linaloitwa prototype pollution, CVE-2021-44906, likazibwa hapo.)

Sasa mapungufu, maana yapo. Ukiwa strict haikubali jina la faili likikaa peke yake, `node tuma.js wanachama.csv` inagoma mpaka uweke allowPositionals: true, na kila anayeanza anakwama hapo. Flagi ikirudiwa mara mbili bila multiple: true inabaki ya mwisho tu, kimya kimya, hii sijaipenda hata kidogo kwa kitu ambacho kwingine kote ni kikali hivi. `--no-` ya kuzima flagi haikuwepo mwanzoni, unahitaji allowNegative na Node 22.4 au 20.17 kwenda juu. Majina hayageuzwi, `--tarehe-mwisho` utaisoma kama values['tarehe-mwisho'] wakati commander ingekupa tareheMwisho. Thamani ikianza na kistari, mfano `--tofauti -5`, inakataa na kukuambia uandike `--tofauti=-5`, hiyo mi naikubali kabisa.

Kubwa kuliko yote ni kwamba haitengenezi maelezo ya `--help`. Unayaandika kwa mkono na usipokuwa makini yanaachana na flagi zenyewe. Na usipodaka erori, mtumiaji anamwagiwa stack trace nzima (mistari mingi ya kiufundi inayoonyesha kodi ilikwama wapi), ambayo kwa mhasibu haimsaidii kitu. Mi nimeizungushia try/catch, naangalia err.code, natoa sentensi moja ya Kiswahili, "Flagi hii haipo, angalia --help", naweka process.exitCode = 1. Mistari michache tu na watu wamekuwa wanasahihisha wenyewe bila kuniita.

Kwa skripti ya faili moja yenye flagi tano sita, naipa nne kati ya tano. Ukishakuwa na amri ndani ya amri, kama `tuma sms` na `tuma ripoti`, kila moja na flagi zake na help yake, usijitese, chukua commander, haina pakeji nyingine inayokuja nayo na help inajitengeneza. Ukiwa unahama kutoka commander ya zamani kumbuka tu tangu toleo la 7 thamani zinasomwa kupitia .opts(), hazikai tena juu ya programu yenyewe.

Na yoyote utakayoichagua, ukiendesha kupitia npm andika `npm run tuma -- --jaribio`. Ile `--` ya katikati usiiache, bila hiyo npm inaichukua flagi kuwa yake, skripti haiioni, na tumerudi kwenye SMS zinazoondoka kweli.